Simu yako haina tekani

Nyumba ya nyanya yangu kule Lamu, mtaa wa Mkomani, ukiingia mlangoni huoni kitu. Unapita daka, pale nje penye baraza za mawe wazee wanapokaa jioni, unavuka kizingiti alafu mbele yako ni ukuta. Hapo ndo tekani. Lazima ukate kona ndo utokee kiwandani, yaani ua wa ndani, na ukishafika kiwandani bado msana, ule ukumbi wa mbele, hujauingia, na ndani kabisa ndo usiseme. Udogoni niliona ni usumbufu tu manake tukikimbizana na binamu zangu tulikuwa tunajigonga ukuta ule kila siku, hadi siku moja nikamuuliza nyanya kwanini mtu ajijengee ukuta mbele ya mlango wake mwenyewe. Akanambia, "Mjukuu wangu, anayepita njiani ana haki ya njia. Hana haki ya kujua nimelala vipi."

Leo nataka kuongea kuhusu VPN, ile apu inayoficha unakoingia mtandaoni, na najua wengi mtauliza imeingiliana wapi na nyumba ya nyanya, lakini nimejaribu kuieleza kwa njia zingine zote na hii ndo watu huielewa.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Malindi, duka liko Shella ya huku, sio Shela ya Lamu, watu huchanganya sana. Miaka miwili iliyopita nikaweka waifai ya wateja. Mtu analeta simu ya kubadilishwa kioo, anakaa kwenye benchi na simu yake nyingine, anaingia mtandaoni bila kuchoma bando lake. Watu walifurahi sana na mimi nikafurahi. Baada ya miezi kadhaa mtandao ukaanza kuwa mzito, kila saa kumi jioni unakwama, basi usiku mmoja nikabaki dukani peke yangu nikaingia kwenye ruta nione nani anavuta sana.

Ruta ile ina ukurasa wa kumbukumbu. Niliuwasha mwenyewe siku ya kwanza nilipokuwa naiseti na nikasahau kabisa. Nikaufungua nikakuta safu tatu: saa, jina la kifaa, jina la tovuti. Na vifaa vingi vinajiita jina la mwenyewe, manake ukinunua simu ikakuuliza jina unaandika lako. Nikawa nateremka tu na kidole, YouTube, Facebook, matokeo ya mpira, YouTube tena, kubeti, kubeti, alafu nikaona jina la dada mmoja namjua vizuri, ana watoto watatu, huuza mahamri asubuhi na mimi ni mteja wake. Mbele ya jina lake tovuti ya saratani ya matiti. Mstari wa chini hiyo hiyo. Wa chini tena nyingine ya mambo hayohayo. Dakika arubaini nzima alizokaa kwenye benchi langu akisubiri simu yake.

Sikuwa natafuta. Lakini nilikuwa nishaona.

Kesho yake aliporudi na mahamri tukasalimiana kama kawaida, akaniuliza hali ya nyumbani, na mimi nikashindwa kumtazama usoni. Najua kitu kumhusu ambacho huenda mumewe hajui, pengine hata mamake hajui, na nimekijua kwa sababu tu aliazima mtandao wangu. Nilifuta kumbukumbu zote usiku uleule na nikazima ukurasa wenyewe, lakini kichwani haufutiki. Na kilichoniuma zaidi ni hesabu hii: mimi ni fundi mmoja na ruta ya bei ya chini. Hoteli ina ruta. Mkahawa una ruta. Uwanja wa ndege una ruta, na kampuni inayokuuzia bando nayo ina mashine zake. Simu yako unaitoa mfukoni mara ngapi kwa siku, na kila mara unaingia kwa njia ya mtu.

Niseme jambo moja la haki ili nisiwatie hofu bure. Mimi niliona jina la tovuti, sikuona kurasa alizosoma wala alichoandika. Siku hizi tovuti nyingi zinatumia HTTPS, kale ka-kufuli ambako baadhi ya vivinjari hukaonyesha kwenye anwani, yale ya ndani yanasafiri yamefungwa. WhatsApp nayo tangu 2016 ujumbe umefungwa kutoka simu yako hadi simu ya mwenzako. Kwahivyo zile hadithi kwamba mtu akikaa karibu nawe kwenye waifai ataiba paswedi zako zote papo hapo, nyingi zimepitwa na wakati, na makampuni ya VPN bado yanazitumia kuuza. Lakini jina la tovuti peke yake linasema mengi. Mtu akikuona unaingia nyumba ya daktari fulani hahitaji kusikia mlichoongea.

Sasa VPN inafanya nini hasa. Bila VPN, simu yako inaiuliza ruta, "nipeleke tovuti fulani," ruta inasikia, kampuni ya mtandao inasikia, alafu tovuti yenyewe inaona anwani yako ya IP inayoonyesha umetokea wapi. Ukiwasha VPN simu inachimba kama handaki hadi kwenye seva moja, yaani kompyuta ya mwenye VPN, iwe Nairobi, iwe Johannesburg, iwe Milan, na kila kitu kinapita ndani ya handaki kimefungwa. Maswali yote ya majina ya tovuti yanapita humo pia. Ruta yangu ingeona kitu kimoja tu, simu ya dada yule inaongea na seva fulani tangu saa fulani, data kiasi fulani, basi. Na tovuti nayo inaona anwani ya seva, haioni ya Malindi. Ndo tekani hiyo. Anayepita njiani anaona mlango, anaona watu wanaingia na kutoka, ndani haoni.

Hii kitu haikuanzishwa kwa ajili ya kuangalia sinema za nje kama vijana wengi wanavyodhani. Ilianza miaka ya tisini kwa ajili ya maofisi, mfanyakazi akiwa nyumbani au safarini aweze kuingia kwenye kompyuta za kazini kama vile amekaa mezani kwake. Ile ya zamani inaitwa PPTP, maelezo yake rasmi yalitoka 1999, na tafadhali ukikuta mtu bado anakuwekea hiyo mkatalie, ilishavunjwa zamani na Android za kisasa zimeshaiondoa. Kisha kuna OpenVPN ya 2001 na hii hadithi yake naipenda. Aliyeiandika, James Yonan, alikuwa msafiri Asia ya Kati, anafanya kazi kwa mbali, na mawasiliano yake na ofisi yakipita kwenye mitandao ya nchi za watu, akaona hapana, hii si salama, akakaa akatengeneza yake. Yaani chanzo chake ni mgeni aliyeazima njia ya watu. Ya kisasa zaidi ni WireGuard ya Jason Donenfeld, ni nyepesi, maandishi ya programu yake ni kama mistari 4,000 hivi ambapo zingine zinafika makumi ya maelfu na zaidi, na Machi 2020 iliingizwa ndani ya Linux yenyewe, ule mfumo unaoendesha seva nyingi. Kwa simu zetu hizi za betri za kuhangaika na mtandao wa kupotea ukivuka tu kutoka Mokowe kuingia Lamu, WireGuard ndo nzuri, mtandao ukikatika ukarudi inaendelea palepale bila kuanza upya.

Wateja wangu wa kwanza wa VPN walikuwa Wataliano. Malindi na Italia ni habari ndefu, walikuja na roketi hata kabla ya mahoteli kujaa, pale Ngomeni ndo ilirushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, na leo wazee wengi wa kwao wanaishi hapa na pensheni zao. Kuna mzee mmoja huja dukani na kofia ya makuti, Kiswahili chake kizuri kuliko cha watoto wengi wa mjini, shida yake ni kwamba televisheni ya kwao kwenye RaiPlay vipindi vingi vinafunguka ukiwa Italia tu. Anwani ikisoma Kenya inakataa. Nikamwekea VPN yenye seva Italia, akakaa pale kwenye benchi akafungua taarifa ya habari ya kwao, kale ka-alama ka ufunguo kametokea juu ya skrini, akanyamaza kimya. Baadaye akanambia ni sauti ya yule msomaji wa habari, alikuwa akiisikia nyumbani na mkewe akiwa hai.

Nilimwambia pia ukweli, kwamba wenye vipindi huuza haki za kuonyesha nchi kwa nchi, kuzunguka hivi mara nyingi ni kuvunja masharti yao, na kwamba huduma kubwa za filamu zinazijua anwani za VPN na kuzizuia, leo itafanya kazi kesho haifanyi. Mtu akija kwangu kwa sababu hiyo peke yake huwa namwambia asilipe mwaka mzima. Na jambo lingine, mzee yuleyule alisahau kuizima, akaingia kwenye akaunti yake ya benki ya hapa nchini, benki ikaona mteja wa Malindi ghafla ameibukia Ulaya, ikamfungia akaunti. Siku mbili za kupiga simu. Kwahivyo ukitumia mambo ya benki chagua seva ya nchi yako au zima kabisa, apu za benki zina ulinzi wao.

Kwa vijana wetu wanaofanya kazi za mtandaoni, kuandika maneno ya sauti, kutafsiri, kuhudumia wateja wa makampuni ya nje wakiwa wamekaa chumbani kwao Maweni, VPN ni kifaa cha kazi kama laptopu. Kampuni yenyewe inakupa, unaingilia hapo ndo unafika kwenye mafaili yao. Wanafunzi pia, vyuo vingi vinalipia majarida na vitabu vinavyofunguka ukiwa chuoni tu, na ukiwa nyumbani unapita kwenye VPN ya chuo, kwahivyo uliza maktaba kabla hujaanza kuhangaika. Lakini kuna vijana wanakuja wanataka VPN ili wajifanye wako Marekani, wafungue akaunti za kazi za huko kwa majina ya watu. Mimi hiyo siweki. Kando na kwamba ni uongo, nimeshawaona wamefanya kazi miezi mitatu, siku ya malipo akaunti inafungwa na pesa inabaki hukohuko, wanarudi dukani wamekaa hapo hawana la kusema.

Alafu kuna kufungiwa. Novemba 2023 watoto wakiwa kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Telegram ilisumbua nchi nzima, na 2024 wakati wa mitihani ikafungwa tena ili kuzuia kuvuja. Nakubali kuvuja kwa mitihani ni balaa. Lakini hapa mjini kuna kina mama wanauza madera kwenye Telegram, kuna madarasa ya Qurani huko, kuna wafanyabiashara wa samaki wanaopatana bei huko, wote wakafungiwa kwa kosa lisilo lao. Wiki hizo niliwawekea watu VPN wengi kuliko wiki zingine zote na wengi hawakuwa na mtahiniwa hata mmoja nyumbani. Jirani zetu wameonja zaidi. Uganda Julai 2018 waliwekewa kodi ya shilingi 200 kwa siku ukitaka kutumia mitandao ya kijamii, watu wakakimbilia VPN kwa wingi. Ila Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti yote ilizimwa, na hapo VPN haikusaidia, lazima njia iwepo ndo upite. Tanzania nako, binamu zangu wa Tanga waliniambia X, ile Twitter ya zamani, ilifungwa Mei 2025, na kule mamlaka ya mawasiliano ilishatangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajiandikishe. Kenya hapa hakuna sheria inayokataza VPN. Kosa la mtandaoni linabaki kosa ukiwa na VPN au bila, sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta ipo, lakini kifaa chenyewe si haramu. Ukivuka mpaka, uliza kwanza.

Na hilo la kuuliza kwanza nataka nikae nalo, manake linagusa nyumba nyingi za Pwani.

Dadangu yuko Dubai mwaka wa tatu sasa. Anafanya kazi za nyumba. Mamangu kila Ijumaa baada ya Alasiri hukaa na simu mapajani akisubiri. Mwanzoni tulikuwa hatuelewi kwanini ujumbe wa WhatsApp unafika, picha zinafika, sauti za kurekodi zinafika, lakini ukipiga haiunganishi, inaita kidogo upande mmoja inakufa. Mama akawa anadhani mwenye nyumba ndo anamkatalia kuongea, halali, analia usiku. Kumbe Falme za Kiarabu simu za kupiga kwa WhatsApp zimezuiwa, wanaruhusu apu zilizo na kibali chao tu. Wenzake dadangu wakamwambia weka VPN utapiga bure, kila mtu anaweka. Akanitumia ujumbe, "Kakangu, wewe ndo mtaalamu, niweke ipi?"

Nilikaa na ujumbe ule siku nzima. Mimi ndo huyu ninayewawekea watu kila siku, na mama yuko pale nje anasubiri. Nikaenda kusoma sheria ya kule. Ya 2016 ilisema anayetumia anwani ya IP ya bandia kufanya kosa au kuficha kosa faini yake ni kuanzia dirham 500,000 hadi 2,000,000, na kifungo kinaweza kufuata. Makampuni na mabenki ya kule wanatumia VPN kwa kazi zao na hilo si tatizo, lakini kuzunguka kizuizi cha kupiga simu ni jambo lingine. Watu wengi wanafanya na hawaguswi, ndio. Ila binti wa Malindi asiye na mtu kule, ambaye kibali chake cha kukaa kiko mikononi mwa mwajiri, siku mtu akitaka kumwonea hilo litakuwa la kwanza kutolewa. Nikamjibu asiweke. Nikamtafutia apu yenye kibali kule, BOTIM, nikaiweka kwa simu ya mama, Ijumaa ile wakaonana uso kwa uso, picha inakwamakwama lakini wanaonana. Najua wako watakaosema nimeogopa. Mimi nasema usimwambie mtu aliye ugenini awashe VPN ikiwa si wewe utakayelala ndani akishikwa.

Sasa nije kwa jambo ambalo ndo hasa limenifanya niandike. VPN ya bure.

Kijana wetu mmoja hapa nyumbani, mtoto wa mamangu mdogo, aliweka moja ya bure, iliandikwa haraka, salama, bila kikomo. Ikaomba ruhusa ya kusoma namba za simu, ikaomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, naye kila kitu akabonyeza kubali kubali kubali. Wiki mbili baadaye bando la wiki linaisha kwa siku mbili na matangazo yanajifungua kabla hata hajatoa kufuli ya skrini. Akaniletea. Nikamuonyesha, nikamwambia tazama, hii umeipa ruhusa ya kusoma ujumbe, ujumbe wako ni nini? Ni M-Pesa. Nani kakutumia, kiasi gani, umebakisha ngapi. Ni namba za siri za benki zinazokuja kwa ujumbe. VPN haina kazi yoyote na ujumbe wako wala namba zako. Ruhusa kubwa inayohitaji ni moja, ile Android inakuuliza kama unakubali iunganishe mtandao wako. Ikiomba kusoma ujumbe au namba zako, futa.

Na hata isiyoomba, hebu fikiria. Seva zinakodishwa, umeme unalipwa, wahandisi wanalipwa. Pesa inatoka wapi? Si lazima nitaje za vichochoroni. Facebook walinunua kampuni inaitwa Onavo mwaka 2013, ikawa na apu ya VPN, Onavo Protect, watu wakaambiwa inalinda data zao. Kumbe inakusanya watu wanatumia apu gani, kwa muda gani, na Facebook wakawa wanatazama washindani wao kupitia simu za watu waliodhani wamejificha. Apple walilazimisha iondolewe 2018, ikafungwa 2019, na Julai 2023 mahakama ya Australia ikawatoza dola za kule milioni 20. Nikiisoma hiyo nilikumbuka ukurasa wangu wa ruta. Tofauti yangu na wao ni kwamba mimi niliona kwa bahati mbaya nikafuta.

Kwa sababu ukiangalia vizuri, VPN haiondoi macho. Inayahamisha. Mwanzo aliyekuwa anaona ni mwenye ruta na kampuni ya bando, sasa anayeona ni mwenye seva. Yale majina ya tovuti niliyoyaona mimi, yeye ndo anayaona sasa. Umechukua amana kwa mtu mmoja umempa mwingine, na swali lote la VPN ni hilo, huyu wa pili ni nani na kwanini umwamini zaidi. Watu hawaulizi, wanauliza kasi tu, wanauliza kama inafungua Netflix. Mtu hawezi kumpa jirani ufunguo wa nyumba bila kumjua ukoo wake lakini anampa mtu asiyemjua jina wala nchi kila anachokitafuta usiku wa manane.

Nikiulizwa nachagua vipi nasema hivi. Kampuni iseme iko wapi na wenyewe ni nani. Iseme inahifadhi nini, na iwe imeshaita wakaguzi wa nje wakaangalia. Programu yake iwe wazi watu waisome. Iwe unaweza kulipa mwezi mmoja mmoja. Za bure ziko chache za heshima, zile ambazo wanaolipa ndo wanawabebea wasiolipa, mara nyingi zina nchi chache na ukiziona zina mipaka ndo dalili nzuri. Alafu ukishaweka ingia kwenye mipangilio ya Android, sehemu ya VPN, washa iwe daima na washa ile ya kuzuia mtandao bila VPN, ili handaki likikatika simu isitoke nje uchi bila wewe kujua. Pima mwenyewe, angalia anwani yako ya IP kabla ya kuwasha na baada, ikiwa ni ileile haifanyi kazi. Chagua seva ya karibu kama huna haja ya mbali, manake ukiwa Malindi ukachagua Los Angeles kila unachobonyeza kinazunguka dunia kwa kebo za baharini ndo kirudi. Na bando litaliwa kidogo zaidi, kufunga mizigo kuna uzito wake.

Na haitakukinga na kila kitu, hilo lazima niseme kwa sauti. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google, Google wanakujua, VPN au si VPN. Mnara wa simu unajua laini yako iko wapi. GPS ni GPS. Yule anayekupigia anasema ametuma pesa kimakosa umrudishie, VPN haimjui kabisa. Mzee mmoja jirani alitapeliwa hivyo na alikuwa na VPN imewashwa, akaja kunilaumu, na sikumlaumu kwa kunilaumu, aliyemuuzia alimwambia imemaliza kila shida.

Mwisho mimi niliamua kujenga yangu. Nimekodi seva ndogo, nalipa kama dola tano kwa mwezi, nimeweka WireGuard, na kila mtu nyumbani nimemtengenezea ufunguo wake, simu nane. Haitufichi vizuri kama kampuni yenye maelfu ya watu kwenye anwani moja, anwani yetu ni yetu peke yetu, lakini hotelini, mkahawani, dukani kwangu mwenyewe, hakuna anayeona. Na duka nimebandika karatasi ukutani: waifai hii mwenyewe anaweza kuona majina ya tovuti, sihifadhi, ukitaka nikuonyeshe VPN niulize, sitozi. Dada wa mahamri aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Akaisoma mara ya pili. Akanitazama, na hatukusema kitu, alafu akaketi akanipa simu yake.

Wa mwisho kumwekea alikuwa mama. Nilimkalisha nikamueleza yote, tekani, handaki, seva, yeye akisikiliza anapepea na kipepeo chake. Nikamaliza. Akaniuliza, "Hiyo seva ni yako?"

"Ni yangu Mama."

"Kwahivyo sasa wewe ndo waona."

Nikamwambia ndio, nikitaka naweza. Nikamfungulia laptopu nikamuonyesha nimezima kumbukumbu, mistari yenyewe hii hapa, haiandiki kitu. Alitazama ile skrini nyeusi kwa muda ingawa najua hakusoma hata neno moja pale. Alikuwa ananitazama mimi kwenye kioo cha skrini.

"Haya," akasema, akaniwekea simu mkononi. "Lakini nionyeshe kwanza pa kuizimia."